Umepata Ngapi, Umekuwa wa Ngapi

Mtoto akirudi na ripoti ya shule huulizwa maswali mawili. Umepata ngapi? Umekuwa wa ngapi? Yanafanana sana masikioni, na wazazi wengi huyatoa kwa pumzi moja, lakini hayaulizi jambo moja. La kwanza linamweka mtoto mbele ya mtihani. La pili linamweka katikati ya wenzake. Anaweza kupata 82 akawa wa thelathini katika darasa la wakali, na anaweza kupata 41 akawa wa kwanza katika shule ambayo mwalimu wa hesabu hajaonekana tangu Machi. Nyumba nyingi zitashangilia 41 hiyo. Ile 82 itapokewa kwa ukimya.

Maswali haya mawili nimeyafikiria kwenye biashara ya hisa kuliko nilivyowahi kuyafikiria shuleni. Kwa muda sasa, jioni, huandika programu ndogo za kujaribu mifumo ya kununua na kuuza hisa. Huko maswali haya yametenganishwa kabisa, kila moja likawa njia yake, na kila njia ina watu wake wanaoitetea. Na kwa kuwa mizani yao ni fedha, kila njia imelazimika kuonyesha udhaifu wake mapema kuliko sisi wengine tunavyoonyesha wetu.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Mtu ana kanuni ambayo anaamini itampa faida. Kabla hajaweka fedha zake, anachukua bei za miaka iliyopita, tuseme ishirini, na kuiambia kompyuta iishi miaka hiyo siku baada ya siku kana kwamba haijui kesho. Wenyewe huita baktesti. Mwisho wake inatoka hesabu: kama ungefuata kanuni hii, leo ungekuwa na kiasi hiki.

Njia ya kwanza ni ya ishara. Kanuni inaitazama kila hisa peke yake. Mfano maarufu: bei ikifunga juu ya wastani wake wa siku 200, nunua, ikishuka chini yake, uza. Hisa haiulizwi habari za jirani. Mwishoni mwa 1983, mfanyabiashara wa Chicago aitwaye Richard Dennis alikusanya kundi la watu, wengi wao wageni katika kazi hiyo, ili athibitishe kwamba biashara inaweza kufundishwa. Aliwapa kanuni za aina hii kwa ajili ya masoko ya bidhaa na fedha: bei ikivuka kilele chake cha siku 20, ingia. Kuna kizingiti, umekivuka au hukukivuka.

Njia ya pili ni ya kupanga kwa nafasi. Kila mwisho wa mwezi, zipange hisa zote kwa faida ya miezi sita iliyopita, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kisha nunua za juu. Mwaka 1993 Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman walichapisha utafiti uliotumia bei za soko la Marekani kuanzia 1965 hadi 1989. Waligawa hisa katika mafungu kumi kwa utaratibu huo, wakakuta kwamba fungu la juu liliendelea kulishinda fungu la chini kwa takriban asilimia moja kwa mwezi katika miezi iliyofuata. Hapa hakuna kizingiti. Hisa iliyopanda asilimia 30 inaweza kuachwa kwa sababu nyingine zimepanda 50. Swali ni moja tu: umekuwa wa ngapi?

Ukizisoma kwa haraka unaweza kudhani tofauti ni ya kiufundi tu, kama kuchagua kati ya jembe na trekta. Mwaka 2008 unaonyesha kwamba sivyo.

Mwaka huo fahirisi ya S&P 500 ilipoteza zaidi ya theluthi moja ya thamani yake. Katika fahirisi ya Dow Jones, yenye kampuni 30, ni mbili tu kati ya zilizokuwamo mwisho wa mwaka ambazo bei zake zilipanda: Walmart na McDonald's. Sasa zipange hizo thelathini kwa nafasi. Ya kwanza ipo, ya pili ipo, ya tatu ipo, kumi bora zipo. Lakini kuanzia nafasi ya tatu kwenda chini, kila moja ilikuwa imempunguzia mwenyewe fedha. Orodha ya nafasi haiwezi kusema hakuna. Hata nyumba ikiungua, itakupa chumba cha kwanza kwa ubora.

Ishara inaweza kusema hakuna. Mfumo wa wastani wa siku 200, mwaka kama ule, unakaa miezi mingi bila kununua kitu. Fedha zinakaa taslimu na mwenye mfumo anachoka kusubiri, lakini amejibiwa ukweli: hakuna aliyefika. Hii ndiyo heshima ya kizingiti. Kinakubali kwamba wote wanaweza kushindwa, na kwa hiyo kinakubali pia kwamba wote wanaweza kufaulu. Katika orodha ya nafasi hilo la pili haliwezekani. Ili mmoja apande, lazima mwingine ashuke, hata kama hajafanya kosa lolote.

Hadi hapa mtu angesema jibu limepatikana: tushike kizingiti, tuache mashindano. Ningependa iwe hivyo. Lakini ishara nayo ina siri yake, na mtu huikuta anapoacha kujaribu hisa moja moja na kujaribu mfuko mzima.

Tuseme una mtaji wa kununua hisa kumi. Siku moja soko linafurahi na ishara inawaka kwa hisa arobaini. Zote zimevuka kizingiti, zote zina haki sawa. Programu itanunua zipi? Itanunua kumi. Na kama mwandishi wa kanuni hakusema zichaguliwe vipi, programu nyingi zitachukua zile zinazokutana nazo kwanza kwenye faili. Mara nyingi faili limepangwa kwa herufi. Apple inaingia, Walmart inabaki nje, na sababu haina uhusiano wowote na biashara ya kampuni hizo mbili. Badilisha mpangilio wa faili, na faida ya miaka ishirini inabadilika. Ndiyo maana programu nzuri za kazi hii zina sehemu ya kuipa kila ishara alama ya kipaumbele.

Ukiangalia vizuri, kilichotokea hapo ni upangaji wa nafasi. Haukuondolewa na kizingiti. Ulihamia mahali ambapo hakuna aliyeuona. Mwenye mfumo aliamini anamhukumu kila mmoja kwa sifa zake, kumbe hukumu ya mwisho imetolewa na alfabeti.

Juni 2014, zaidi ya watu 10,000 walifika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 katika Idara ya Uhamiaji. Watu hao hawakuokotwa barabarani. Waliitwa. Kila mmoja alikuwa na karatasi zilizovuka kizingiti fulani. Kizingiti kilikwisha kazi yake kabla hawajafika, na hakikuweza kusema lolote zaidi. Kutoka pale, lazima kuwe na njia nyingine ya kufika kwenye 70, na njia hiyo, iwe nzuri au mbaya, ni ya nafasi. Unaweza kupanga kwa alama za usaili, kwa kura, kwa aliyewahi, au kwa anayejulikana na nani. Usiposema unapanga kwa lipi, mojawapo litajichagua lenyewe, na mara chache huwa lile la haki.

Kwa hiyo swali la maadili halianzii kwenye kuchagua njia moja na kuikana nyingine. Nafasi zikiwa chache kuliko wanaostahili, upangaji upo tu. Swali ni kama tunautamka.

Lakini orodha inayotamkwa nayo ina deni. Kumbuka kwamba nafasi ya mtu hutegemea nani mwingine yuko darasani. Septemba 2008, kampuni ya bima ya AIG iliokolewa na serikali ya Marekani kwa mkopo wa dola bilioni 85, na siku chache baadaye ikaondolewa katika zile kampuni 30 za Dow Jones. Ile orodha niliyoitaja, ya mwisho wa mwaka, haina AIG. Mtu anayejaribu mfumo wake kwa majina ya leo, kisha akarudi nayo nyuma miaka ishirini, anapanga darasa la walionusurika. Enron haimo. Lehman Brothers haimo. Kila mfumo unaonekana wa busara ukijaribiwa kwa watu ambao tayari tunajua hawakufa.

Shule zetu zina hesabu kama hiyo. Shule ikitangaza kwamba wahitimu wake wote wamepata divisheni ya kwanza, mtu mwenye akili ya baktesti atauliza: waliingia wangapi kidato cha kwanza? Waliohamishwa kidato cha tatu kwa sababu wastani wao ulikuwa chini wako katika orodha ipi? Huko walikohamia, nafasi zao zimehesabiwa upya kati ya watu wengine, na majina yao yamefutika katika sifa ya pale walipotoka.

Tena nafasi ya mwisho si hukumu juu ya kilicho ndani ya mtu. Kuanzia Machi hadi Mei 2009, soko la Marekani lilipogeuka ghafla baada ya msukosuko, fungu la mwisho, zile hisa zilizokuwa zimeshindwa kuliko zote, lilipanda asilimia 163. Fungu la washindi lilipanda asilimia 8. Waliokuwa wamenunua wa kwanza na kucheza dhidi ya wa mwisho, kwa imani kwamba miaka mingi ya data haiwezi kusema uongo, walipigwa vibaya. Data haikusema uongo. Ilisema wastani. Orodha ilikuwa imepima jinsi kila hisa ilivyoumizwa na hali iliyokwisha, wao wakaisoma kama tabia ya kudumu.

Hadi hapa kilichopotea ni fedha. Miaka kumi na moja baadaye, fikra hiyo hiyo iliwashukia wanafunzi.

Mwaka 2020 mitihani ya A-level nchini England ilifutwa kwa sababu ya korona. Walimu waliombwa mambo mawili kwa kila mwanafunzi: alama wanayoamini angeipata, na nafasi yake kati ya wenzake wa somo hilo shuleni. Yaani maswali yale yale mawili. Mamlaka ya mitihani, Ofqual, iliona kwamba walimu wamekuwa wakarimu mno kwenye swali la kwanza. Basi katika masomo yenye wanafunzi wengi ikaegemea la pili, ikaliunganisha na historia: matokeo ya shule hiyo katika miaka iliyotangulia. Kama kwa kawaida shule yako hutoa A mbili, basi A zitakuwa mbili hivi, na watazipata wawili wa juu. Katika makundi madogo sana, ambako takwimu hazitoshi, alama ya mwalimu iliachwa kama ilivyo. Na makundi madogo yalikuwa mengi zaidi katika shule za kulipia.

Matokeo yalitoka tarehe 13 Agosti. Karibu asilimia 40 ya alama zilikuwa chini ya zile walizotoa walimu. Msichana hodari katika shule ambayo haijawahi kutoa alama ya juu alikuta mlango umefungwa na watu waliosoma pale kabla yake. Hakuna aliyesema kazi yake ni mbaya. Hakuna hata aliyeisoma. Vijana waliandamana London, na tarehe 17 Agosti serikali ikarudi nyuma: alama za walimu zikakubaliwa.

Kwa jicho la mtu wa takwimu, mfumo ule haukuwa wa kijinga. Ulilinda kitu cha kweli, kwamba alama za 2020 zisipoteze thamani mbele ya za 2019. Ubaya wake ulikuwa mahali pengine. Ulichukua jibu la swali moja ukaliandika kwenye cheti cha swali lingine. Cheti cha A-level kinasema: huyu anaijua kemia kiasi hiki. Mfumo ulijua tu kwamba huyu ni wa nne katika chumba fulani, na kwamba chumba hicho zamani kilikuwa hivi. Kumwambia mtu “wewe ni wa nne hapa” kunaweza kuwa kweli. Kuigeuza kauli hiyo iwe “hujafika” ni kumsingizia.

Kwetu tumejaribu kulitatua kwa ukimya. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, halikutaja tena shule bora wala wanafunzi bora kitaifa kama ilivyozoeleka. Niliona watu wakigawanyika: wengine waliona ni utu, wengine waliona ni kuua ari ya kushindana. Mimi naona pande zote mbili zilitazama tangazo, zikaacha mfumo. Divisheni ni kizingiti halisi. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, na kama nchi nzima ingepata 17, nchi nzima ingekuwa na divisheni ya kwanza. Lakini vitanda vya kidato cha tano vina idadi, na viti vya udaktari chuoni vina idadi. Hapo orodha inaendelea kufanya kazi kila mwaka, jina likasomwa redioni lisisomwe. Kuacha kumtangaza wa kwanza kunatuondolea kelele isiyo na faida, na kwa hilo naliunga mkono Baraza. Ila kusitufanye tudhani kwamba hakuna anayepangwa.

Kuna hoja moja dhidi ya haya yote ambayo naiheshimu. Inasema: kizingiti chenyewe kimetoka wapi? Kwa nini siku 200, si 180? Kwa nini A ianzie 75? Ukifuatilia, utakuta siku 200 zilidumu kwa sababu watu walijaribu namba nyingine wakaona hii inawafaa, na 75 iliwekwa na watu waliokwisha kuona wanafunzi wengi, wa juu na wa chini. Kila kizingiti ni orodha ya zamani iliyoganda. Kwa hiyo, wanasema, acheni kujidanganya. Kila kitu ni kulinganisha.

Ni kweli kwamba kizingiti huzaliwa na ulinganisho. Lakini kikishazaliwa hubadilika tabia. Kinasimama mahali pamoja na kutangazwa kabla ya mtihani, nawe unajua ukifika wapi utakuwa umefika. Mwenzako akifaulu, wewe hupungukiwi. Mtu anaweza kumfundisha hesabu mshindani wake usiku kucha bila kujiibia. Katika orodha tupu, kumfundisha mwenzako ni kujishusha. Jamii inayotaka watu wake wasaidiane ina sababu ya kutumia kizingiti kila mahali panapowezekana, na kupanga kwa nafasi pale tu ambapo kitu hakitoshi.

Waandishi wa mifumo ya hisa, kwa sababu za fedha tu, wamefika mahali karibu na hapo. Wengi wao leo huchanganya: kwanza hisa ivuke kizingiti, kisha waliovuka wapangwe, kisha zichukuliwe kadiri mtaji unavyoruhusu. Wasipokuwepo kumi, zinanunuliwa tatu. Asipokuwepo hata mmoja, fedha zinakaa. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Hisa haina moyo wa kuumia. Walifanya hivyo kwa sababu kuchanganya majibu ya maswali mawili kuliwagharimu.

Sisi tunaohukumu watu tuna sababu kubwa zaidi ya kuyatenganisha. Anayeweka kizingiti anawadai watu wafike. Basi naye anadaiwa kusema mapema waliofika watapunguzwaje wakizidi. Anayepanga kwa nafasi anadaiwa kusema chini ya wapi hata wa kwanza hafai, na nani alihesabiwa katika darasa hilo. Madeni haya si magumu kulipa. Sentensi mbili kwenye tangazo la kazi zinatosha.

Na kuna deni la mwisho, kwa yule anayekosa. Vijana wengi wanaosoma hapa wanaijua barua ile, au ujumbe ule wa simu, au ukimya ule ambao siku hizi ndiyo barua: hukufanikiwa. Neno hilo moja linabeba habari mbili zisizo na undugu. Moja ni kwamba hukufika, rudi ukajifunze. Nyingine ni kwamba ulifika, nafasi zilikuwa sabini. Mwenye habari ya kwanza anapaswa kubadilika, na mwenye ya pili anaweza kuharibikiwa akibadilika, kwa sababu ataacha kitu alichokuwa akikifanya vizuri. Anayemjua mmoja kutoka kwa mwingine ni yule tu aliyeshika orodha. Aseme.